Kikaratasi cha Njano

SEHEMU YA KWANZA

Ilikuwa Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa kumi na moja kasoro jioni, na mezani kwangu zilibaki vocha nne. Tatu zilikuwa za kawaida: umeme, ulinzi, mafuta ya jenereta. Ya nne Meneja wa Mauzo aliileta kwa mkono wake mwenyewe, jambo ambalo kwa miaka sita niliyokaa kwenye dawati la malipo sikuwahi kuliona. Mameneja hawabebi vocha. Vocha hubebwa na wahudumu.

"Dada, hii itoke leo," alisema. Hata kukaa hakukaa.

Shilingi milioni 92. Maelezo ya malipo: huduma za kiufundi. Nafasi ya saini ya Mkurugenzi ilikuwa tupu, ila juu yake kilikuwa kimebandikwa kikaratasi cha njano, vile vya kunata, chenye maneno mawili ya wino wa bluu: *Ilipwe leo.* Mwandiko nilikuwa naujua. Kila Desemba huuona kwenye kadi ya sikukuu.

Sisi ni tawi. Makao makuu yako Ulaya, na hapa Dar es Salaam tunauza mashine za eksirei na vifaa vya maabara kwa hospitali. Hisa za kampuni zinauzwa hadi New York, kwa hiyo ile sheria ya Marekani ya mwaka 1977 inayokataza kuhonga maofisa wa nchi nyingine inatufuata mpaka Mtaa wa Samora. Mwezi ule tulikuwa tumeshinda tenda kubwa kuliko zote tangu tawi lifunguliwe. Ofisi nzima ilikula keki, na mimi nilikula vipande viwili.

Nikaivuta ankara karibu na taa. Mhasibu huisoma ankara kama mkunga anavyopapasa tumbo. Macho peke yake hayatoshi. Haikuwa na TIN. Haikuambatana na risiti ya EFD. Kodi ya zuio, ile asilimia 5 ya huduma, haikukatwa. Anwani ilikuwa sanduku la posta tu. Mkataba hapana, ripoti ya kazi hapana. Na juu, pembeni kulia, palikuwa na namba ya ankara: 003.

Hiyo 003 ndiyo iliyonishika. Fundi wetu wa viyoyozi ankara zake ziko kwenye elfu na kitu. Kijana anayetuletea maji ya kunywa amefika mia sita. Huyu ni fundi gani wa kulipwa milioni 92, ambaye tangu aanze kazi ameandika ankara tatu tu?

Nikapiga simu ya ndani.

"Bosi, naomba mkataba wa huyu fundi. Na ripoti ya alichofanya."

"We lipa, dada. Maelezo yatafuata."

"Na saini ya Mkurugenzi?"

"Si hicho kikaratasi hapo?"

Akakata. Nikabaki nakitazama, na kichwani yakanirudia mafunzo ya maadili ya mwaka niliojiunga na kampuni. Siku hizi mafunzo hayo ni ya kompyuta, unabonyeza, unabonyeza, unapewa cheti. Lakini mwaka ule alikuja mama mmoja kutoka makao makuu. Hakutusomea kanuni. Alitusimulia kisa cha Siemens ya Ujerumani.

Alitueleza kuwa ndani ya kampuni ile palikuwa na madirisha ya kutolea fedha taslimu, ambapo mfanyakazi alikwenda na sanduku tupu na aliweza kutoka na hadi euro milioni moja. Walioidhinisha hawakupenda majina yao yabaki kwenye hati, hivyo saini zao ziliwekwa kwenye vikaratasi vya kunata, ili siku ya siku vibanduliwe. Mpaka mwaka 1999, alisema, sheria ya Ujerumani ilikuwa ikiruhusu hongo inayotolewa nje ya nchi kukatwa kwenye kodi, na wahasibu walikuwa na jina lake la heshima: matumizi yenye manufaa. Sheria ilipobadilika, jina lilipotea vitabuni lakini fedha ziliendelea kutoka. Tarehe 15 Novemba 2006 polisi walivamia ofisi na nyumba mjini Munich. Mmoja wa waliokamatwa asubuhi ile alikuwa Reinhard Siekaczek, mtu aliyekuwa akisimamia mifuko ya siri ya idara ya mawasiliano ya simu. Wachunguzi wa Marekani walihesabu malipo 4,283, jumla yake takriban dola bilioni 1.4. Desemba 2008 kampuni ilikubali makosa mahakamani Washington, na faini za Marekani na Ujerumani zikijumlishwa zilifika kama dola bilioni 1.6.

Mwisho yule mama alishika kikaratasi cha kunata, akakibandika mezani, akakibandua. "Mnaona?" alituuliza. "Hakiachi alama. Anayeacha alama ni mhasibu aliyelipa."

Nikafanya kama yeye. Nikakibandua kile cha njano taratibu kwa ukucha. Kilitoka safi, kama hakijawahi kuwapo.

Nikainuka, nikaenda kwenye kabati la mafaili ya wanaotuuzia huduma, nikatafuta jina la kampuni ya huyu fundi. Faili lilikuwa jembamba, karatasi moja tu ndani yake: fomu ya usajili. Jina la mkurugenzi wake sikulijua. Akaunti ya benki sikuijua. Nikashuka na kidole mpaka mstari wa mwisho, namba ya simu ya kutumiwa taarifa za malipo.

Tarakimu kumi. Nilizisoma mara mbili, kisha nikazisema kwa sauti bila kutazama karatasi, kwa sababu nazijua kwa moyo.

Ilikuwa namba ya mdogo wangu.

*Itaendelea wiki ijayo.*

SEHEMU YA PILI

*Ilipoishia: Mhasibu ameletewa vocha ya milioni 92 isiyo na saini. Kwenye faili la anayelipwa amekuta namba ya simu ya mdogo wake. Sasa endelea.*

Sikulipa. Niliifungia ile vocha kwenye droo yangu, nikamwambia Meneja kuwa mtandao wa benki unasumbua. Ulikuwa uongo, na ulinitoka kirahisi kuliko nilivyotarajia. Kabla ya kufunga nilipiga picha kila kitu kwa simu yangu: ankara, vocha, fomu, na kikaratasi cha njano nilichokirudisha mahali pake.

Kivuko cha Kigamboni jioni ya Ijumaa unakijua. Watu, pikipiki, matenga ya nyanya, mama mwenye ndoo ya samaki akiomba njia. Nilisimama ukingoni nikiyatazama maji meusi ya bandari na kumhesabu mdogo wangu kama ninavyohesabu karatasi. Kitinda mimba wetu. Alimaliza chuo miaka minne iliyopita, kazi hakupata. Aliendesha bodaboda, akauza vocha za simu, akafuga kuku, wakafa kwa kideri. Halafu mwezi wa tatu mwaka huu, Mama alipoambiwa figo zake zimechoka na anahitaji kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, yeye ndiye aliyesimama mbele ya ukoo na kusema, "Hilo niachieni mimi." Tukamshangilia. Shangazi alipiga vigelegele.

Hakuna aliyemuuliza hela zinatoka wapi. Mimi, ambaye kazi yangu ni kuuliza swali hilo hilo kutwa nzima, sikumuuliza.

Nilimkuta barazani akimenya machungwa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Weka kisu chini."

Nikamwonyesha picha kwenye simu. Alitazama muda mrefu. Hakukana, na hilo linanipa moyo mpaka leo.

"Ni Meneja wako," alisema. "Alinikuta siku ile nilipokuja kukuchukua na mvua. Alinipigia baadaye, akasema anatafuta kijana mwaminifu wa kusajili kampuni. Tukaisajili BRELA kwa jina la rafiki yangu, simu ikawa yangu. Hela ikiingia naitoa taslimu, kidogo kidogo, wiki nzima. Naweka kwenye begi la mgongoni. Nampelekea."

"Yeye anampelekea nani?"

"Sijui. Kuna siku alisema ni watu wa kamati ya tenda. Mimi sikuuliza."

"Na wewe unabaki na ngapi?"

"Milioni tatu kila mara." Akainamisha kichwa. "Za Mama."

Nilitaka kumzaba kofi. Nilitaka pia kumkumbatia. Sikufanya lolote, nilikaa kwenye ngazi, viatu vya kazini bado miguuni.

"Utakwenda jela," nilimwambia. "Unajua? Sheria ya kupambana na rushwa ya mwaka 2007 haimtazami anayepokea peke yake. Inamtazama anayetoa, na wakala aliye katikati. Aliye katikati ni wewe."

Akaniangalia kwa namna ambayo sikuielewa, kama mtu anayemhurumia mwenzake.

"Dada, wewe hukumbuki, siyo?"

"Nikumbuke nini?"

"Ankara hii ni ya tatu. Ya kwanza ilikuwa mwezi wa tatu, ya pili mwezi wa sita. Meneja alinionyesha nakala za vocha, ili nisiwe na wasiwasi. Alisema, ona, dada yako mwenyewe kapitisha." Akameza mate. "Herufi zako ziko pale chini. Zote mbili."

Mwisho wa mwezi vocha hufika mia na zaidi. Niliona vocha, niliona muhuri wa idara, niliweka herufi zangu, nikachukua nyingine. Ndivyo ilivyokuwa, na najua hakuna hakimu atakayetaka kusikia ilivyokuwa.

Nilifungua kinywa nijibu. Nyuma yetu pazia la mlango likasogea.

Mama alikuwa amesimama pale, ameshika fremu kwa mkono mmoja, mkono mwingine wenye bandeji ya mshipa ameuweka kifuani.

"Endeleeni," alisema. "Nilikuwa macho tangu mwanzo."

*Itaendelea wiki ijayo.*

SEHEMU YA TATU

*Ilipoishia: Mdogo wake amekiri kuwa yeye ndiye mpitishaji wa fedha, na kwamba vocha mbili za kwanza zina herufi za dada yake. Mama amesikia yote. Sasa endelea.*

Mama alifundisha shule ya msingi miaka 34. Hana mazoea ya kupaza sauti. Darasa lake lilinyamaza kwa sababu yeye alinyamaza kwanza. Alikaa kwenye mkeka, akavuta kanga magotini.

"Mnakumbuka chenji ya rada?"

Nani asiyeikumbuka. Kampuni ya Uingereza, BAE Systems, iliiuzia nchi yetu rada kwa karibu dola milioni 40. Benki ya Dunia ilisema ni ghali mno, waziri wa Uingereza Clare Short alipinga, serikali yake ikaruhusu hivyo hivyo. Baadaye ikajulikana kwamba dola milioni 12.4 zilipitia kwenye kampuni za wakala. Tarehe 21 Desemba 2010 mahakama ya Southwark jijini London iliitoza BAE faini ya pauni 500,000, na pauni milioni 29.5 zikarejeshwa kwa Watanzania, zitumike kwenye shule za msingi. Watu wakaziita chenji.

Nilikuwa chuoni wakati ule, na mhadhiri wetu wa ukaguzi alitusomesha hukumu ile kwa wiki mbili. Kwa hiyo kuna jambo moja nalijua ambalo wengi hawalijui: BAE haikuhukumiwa kwa kutoa rushwa. Kosa ililolikiri lilikuwa la uhasibu, kutokutunza kumbukumbu za hesabu za kutosha. Malipo ya wakala yalikuwa yameandikwa vitabuni kuwa ni huduma za kiufundi.

Maneno yale yale. Nilipoyatamka barazani, mwili ulinisisimka.

"Mimi niliyajua kwa upande mwingine," Mama alisema. "Vitabu vilipokuja nilikuwa bado kazini. Nilikuwa na kitabu kimoja cha hesabu kwa watoto watano. Mmoja anashika, wanne wanachungulia. Yule wa pembeni kabisa anasoma kichwa chini, herufi zimempindukia. Tulipofungua maboksi nililia mbele ya wanafunzi. Baadaye nikajiuliza, kama hela hii ilikuwepo siku zote, ni watoto wangapi wamesoma kichwa chini wakati inazunguka kwa wakubwa?"

Akamgeukia mdogo wangu.

"Hiyo mashine ya kunisafisha damu. Umeilipia kwa hela hiyo?"

Hakujibu.

"Jumatatu siendi."

"Mama!"

"Siendi, mwanangu. Si kwa hela hiyo." Akaomba asaidiwe kuinuka, akaingia ndani.

Usiku ule sikulala. Anayekosa kusafishwa damu haugui polepole. Maji hujaa mapafuni, moyo huanza kuruka. Nililijua hilo, na yeye alilijua kuliko mimi. Saa saba nilitoka uani nikapiga ile namba ya maadili iliyobandikwa ukutani kazini, karibu na bango la TAKUKURU lenye namba 113. Aliyepokea aliongea Kiswahili, taratibu, akaniuliza kama ningependa jina langu litajwe au lisitajwe. Akanipa namba ya kumbukumbu. Nilimweleza kuhusu vocha, ankara, kikaratasi. Akauliza, "Anayepokea fedha unamfahamu?" Nikasikia mdogo wangu akikohoa chumbani.

Nikakata simu.

Jumamosi jioni ukaja ujumbe wa Meneja: *Wakaguzi wa makao makuu wanaingia Jumatatu asubuhi. Njoo ofisini kesho saa nne. Njoo na funguo za kabati.*

Ofisi siku ya Jumapili haina sauti. Viyoyozi vimezimwa, kapeti linanuka vumbi. Nilimkuta Meneja amesimama karibu na mashine ya kuchana karatasi, na kwenye kiti changu ameketi Mkurugenzi mwenyewe.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Ni mtu mzima, mpole, mcha Mungu. Msiba wa Baba alikuja mpaka kaburini. Alinisogezea mkataba wa kurasa tatu kati ya tawi letu na kampuni ya huduma za kiufundi. Ulikuwa na tarehe ya Februari. Wino wa mashine ulikuwa mbichi kiasi kwamba ulinipaka kidoleni.

"Tunachohitaji ni shahidi," alisema. "Weka saini hapo, uandike tarehe ya Februari. Halafu ile ya milioni 92 tutaiacha ipumzike."

"Mzee, Februari hapakuwa na mkataba."

"Mwanangu, nisikilize. Washindani wetu wote wanatoa. Tusingefungua mlango, tenda ingekwenda kwao, na hospitali ingeletewa mashine za hovyo. Hapa wanakula watu themanini. Nimewabeba kwa njia hii hii miaka kumi na moja. Nani nimemwibia?"

Nasema kweli: aliliamini neno lake. Sikuona mwizi mbele yangu, nilimwona mzee aliyechoka. Na kwa dakika moja nilitamani awe sahihi, nisaini, nirudi kwa Mama nikiwa na kazi yangu.

Lakini bei ya tenda ile niliiandaa mimi. Nilikumbuka ule mstari ulioongezwa dakika ya mwisho, "gharama nyinginezo", ambao Meneja alikataa kuueleza. Cha juu hakitoki mfukoni mwa kampuni. Huingizwa kwenye bei, na bei hulipwa na hospitali, na hospitali ikilipa zaidi kwa mashine moja hununua mashine moja pungufu. Mama husubiri foleni ya kitanda cha kusafishwa damu kuanzia saa kumi za alfajiri. Alichoibiwa nilikiona pale pale, kimeandikwa kwenye faili langu.

Mkurugenzi aliona nimenyamaza, akadhani nimelainika. Akachomoa kikaratasi cha njano kwenye kibunda, akaandika *Saini hapa*, akakibandika chini ya ukurasa wa tatu.

Nikakibandua. Nikakiweka mezani mbele yake.

"Mzee, nakuheshimu kama baba yangu. Naomba agizo hilo uliandike kwenye mkataba wenyewe. Uandike kwamba umeniagiza niweke tarehe ya Februari leo hii. Uweke saini yako kwanza, mimi nitafuata."

Hakuna aliyepumua. Meneja aliiacha mashine, akasogea mpaka nikahisi joto lake mgongoni. Mkurugenzi alichukua kalamu. Akaifungua. Ncha yake ikagusa karatasi na kubaki pale, nukta ya bluu ikipanuka polepole.

Simu yangu, niliyokuwa nimeilaza mezani, ikaanza kutetemeka. Kwenye kioo likawaka jina la mdogo wangu. Kabla sijanyoosha mkono, Meneja aliinyakua, akapokea, akabonyeza spika.

"Ongea," alimwambia. "Dada yako yuko hapa."

Kimya kifupi. Kisha sauti ya mdogo wangu, yenye kikohozi ndani yake.

"Dada, niko na Mama. Yeye ndiye kanileta, tangu asubuhi. Tuko na maofisa wa TAKUKURU. Nimewaambia yote. Begi, BRELA, Meneja, Mzee." Alisita. Nyuma yake nilisikia sauti ya Mama, ya upole, ikimwambia neno moja: sema.

"Dada, nisamehe. Wameniuliza nani alipitisha malipo mawili ya kwanza. Nimekutaja na wewe."

Chini barabarani milango ya gari ikafungwa, mmoja, kisha mwingine. Lifti ikaanza kupanda.

*Itaendelea wiki ijayo.*